Je, Wajua? Seva Hukupa Siku 120 Tu
Seva ya Windows iliyowekwa ili watu wengi waitumie kutoka mbali hufanya kazi kwa siku 120 bila leseni za watumiaji. Muda huo ukiisha, wafanyakazi hukataliwa kuingia, ingawa mtandao ni mzima na nywila ni sahihi. Mara nyingi leseni zimeshanunuliwa, ila seva haijaelekezwa ilipo seva ya leseni, au aina iliyochaguliwa, ya kila mtumiaji au ya kila kifaa, hailingani na iliyonunuliwa. Leseni za toleo la 2016 nazo hazifai kwa seva ya 2019. Msimamizi hafungiwi nje: nafasi mbili za usimamizi hazihitaji leseni hizo. Fundi, kagua mipangilio kwanza kabla ya kuagiza leseni nyingine.