Ubongo na Uzito wa Mwili (2): Mtoto wa Njombe Anaposhiba Kabla ya Wakati

Wiki iliyopita tulieleza kuwa msimamizi mkuu wa uzito ni ubongo, hasa sehemu ndogo iliyo chini yake iitwayo haipothalamasi. Mafuta ya mwilini hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, kuujulisha ubongo akiba iliyopo. Tumbo likiwa tupu hutoa grelini, iliyotambuliwa Japani mwaka 1999, nayo huamsha njaa.

Leo nina swali linaloniuma. Njombe hulima mahindi, viazi mviringo, maharage na parachichi, ikalisha na mikoa mingine. Mbona utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta nusu ya watoto wake wa chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima ni asilimia 30? Sababu ni nyingi: maradhi ya mara kwa mara, usafi wa maji, mama kushinda shambani. Ipo nyingine isiyotajwa sana, nayo ni jinsi ubongo unavyopima shiba.

Mtazame mama akimlisha mwanawe wa miezi 9 uji mwepesi wa mahindi, ule unaochuruzika kwenye kijiko. Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua robo lita hivi kwa mlo mmoja. Likijaa, kuta zake hutanuka, na neva ya vagasi hupeleka habari kwenye shina la ubongo. Mtoto anafumba mdomo, anageuza shingo. Mama anasema kashiba, na kweli kashiba, ila alichomeza kwa sehemu kubwa ni maji. Baadaye ubongo utadai kilichopungua, mtoto atalia njaa mapema, lakini mlo unaofuata ni jioni, mama akirudi.

Ubongo wenyewe nao ni mlaji mkubwa. Kwa mtu mzima aliyepumzika hutumia karibu moja ya tano ya nguvu za mwili. Kwa mtoto mdogo huzidi nusu. Ikifika baridi ya Juni na Julai, haipothalamasi hiyohiyo huamuru mafuta yaunguzwe ili mtoto apate joto. Nguvu zisipotosha, homoni za kukuza mifupa hushuka na kimo husimama. Kwa hiyo siafiki kabisa kumwambia mama huyu kuwa hamlishi mwanawe. Alimlisha, mtoto akakataa.

Kinachohitajika ni uji mzito unaoshika kwenye kijiko, wenye parachichi lililopondwa, karanga za kusaga au maziwa, mara 3 hadi 4 kwa siku pamoja na kunyonya. Mafuta hubeba nguvu zaidi ya maradufu ya wanga kwa uzito uleule, hivyo robo lita ileile ya tumbo hupokea chakula cha maana. Parachichi za Njombe zinapakiwa kwenda ng'ambo. Chache zibaki kwenye bakuli la mtoto.

Wiki ijayo tutashuka Makambako, barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, tuone ubongo wa dereva wa lori aliyelala saa 4 tu: grelini imepanda, leptini imeshuka, na chipsi zinakaangwa hadi usiku wa manane.