UDONGO UPATILIZE ULI MAJI
Nafasi ya mtoto mwenye ulemavu katika masomo ya awali



Mwezi huu tumeona ni wajibu kulizungumzia jambo ambalo katika nyumba zetu hapa Sanyuanli husemwa kwa sauti ya chini, au halisemwi kabisa. Nalo ni elimu ya awali ya mtoto mwenye ulemavu: asiyesikia vizuri, asiyeona vyema, aliyechelewa kutembea au kusema, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo, au yule ambaye kufahamu kwake kunakwenda kwa mwendo wake mwenyewe. Wenzake wa miaka mitatu na minne hupelekwa chekechea, na siku za mapumziko huenda chuoni kusoma alifu na bee. Yeye hubakishwa ndani, au husafirishwa akalelewe na bibi yake Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, “mpaka atengemae”.

Maneno hayo mawili ndiyo tunayotaka kuyapima leo. Mama mmoja wa mtaa huu alitueleza kwamba katika chekechea aliyoiendea aliambiwa amrudishe mwanawe pindi atakapoweza kusema. Akauliza: atajifunza kusema na nani, ilhali kutwa yuko peke yake na mimi na marobota ya viatu? Hakupewa jibu. Sisi tunaona swali lake ndilo kiini cha jambo lenyewe.

UMRI USIORUDI

Wahenga walisema udongo upatilizwe ungali maji. Elimu ya leo inauthibitisha usemi huo. Miaka ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo wa mtoto hujenga lugha, mwendo na maelewano na watu kwa wepesi zaidi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa usikivu wanashauri mtoto mchanga apimwe masikio kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo likiwapo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Mtoto asiyesikia akiachwa hadi miaka mitano bila ya kifaa cha kusikilizia wala lugha ya ishara, huwa amekosa miaka ambayo hakuna mwalimu awezaye kumrudishia yote.

Kwa hiyo anayesubiri mtoto atengemae ndipo aanze kufundishwa, amegeuza mpango. Mafundisho ya mapema ndiyo yanayomsaidia kutengemaa kwa kadiri ya uwezo aliojaaliwa.

Wala jambo hili si la watu wachache. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, lilikadiria kuwa duniani kuna watoto wenye ulemavu wapatao milioni 240.

KISINGIZIO CHA LUGHA NYINGI

Kwetu sisi wa ughaibuni kuna kizuizi kingine. Mtoto wetu husikia Kiswahili nyumbani, Kichina sokoni, Kiingereza katika baadhi ya shule, na Kiarabu chuoni. Akichelewa kusema, majirani husema, “Amechanganywa na lugha, mwacheni.” Ukweli ni kwamba lugha nyingi hazimpi mtoto ugonjwa wa kusema. Mtoto mwenye afya huweza kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja, lakini huitika anapoitwa, huonyesha kwa kidole anachokitaka, na hucheza na wenzake. Asiyefanya hayo apelekwe kupimwa, masikio yakiwa ya kwanza.

Kinyume chake nacho hutokea. Mtoto asiyejua Kichina huketi kimya darasani, naye akadhaniwa ni mzito wa akili. Mzazi na aombe mwanawe apimwe kwa lugha anayoifahamu, au awepo mkalimani.

Mwenye mtoto kiziwi ajue pia kwamba lugha za ishara si moja duniani. Ile ya China ni mbali na ile ya Kenya, ambayo imetajwa katika Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010, na ile ya Tanzania. Familia inayokusudia kurejea nyumbani yafaa ilifikirie hilo mapema, lakini isilifanye kuwa sababu ya kungoja. Mtoto aliyejifunza lugha moja ya ishara angali mdogo hujifunza ya pili. Aliyenyimwa zote ndiye hutaabika.

WALIVYOANZA WENZETU WA PWANI

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri. Tuwakumbushe yaliyotokea kwetu. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya, wakisikitishwa na watoto wao kuachwa nyuma mashuleni, walimwomba Aga Khan msaada. Kazi ikaongozwa na mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, na mwaka 1986 chekechea ya kwanza ya mpango wa Madrasa ikaanza. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na chekechea zake zikapita 200.

Jumuiya zenyewe zilitoa mahali, mara nyingi jengo la madrasa, na zikateua wanawake wa mtaani wafundishwe ualimu. Watoto walisoma kwa Kiswahili, wakifunzwa dini pamoja na hesabu na maneno. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, makombe ya pwani, mbegu na vizibo vya soda. Chumba kiligawanywa katika pembe za shughuli mbalimbali, na mtoto akachagua, akatenda, kisha akaeleza alichokitenda.

Mpango ule haukuanzishwa kwa ajili ya ulemavu. Lakini mfumo wake ndio unaofaa darasa la watoto wote. Pale ambapo watoto 30 hukariri kwa sauti moja, aliye nyuma huonekana upesi na huaibishwa. Pale ambapo wanne wanapanga vifuu na watatu wanachora, anayehitaji muda mrefu zaidi huupata bila ya kumzuia mwenziwe. Hilo ndilo jibu letu kwa mzazi anayechelea kwamba mwanawe mzima atacheleweshwa. Tena huyo mzima hupata somo la kungojea zamu na kusaidia, somo ambalo halimo vitabuni.

HAPA TULIPO

Mji huu nao una historia yake. Mwaka 1985, mwaka mmoja tu kabla ya chekechea ile ya Mombasa, ilifunguliwa hapa Guangzhou shule ya Zhiling kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Bi Meng Weina, ambaye mwaka 1990 alianzisha pia Huiling. China ilitoa Kanuni za Elimu ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 1994 na kuzirekebisha mwaka 2017. Sheria ya Elimu ya Awali, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2025, inazitaka chekechea za umma na zile za binafsi zenye ada nafuu zinazosaidiwa na serikali kumpokea mtoto mwenye ulemavu anayeweza kuyamudu maisha ya chekechea.

Sharti hilo la “anayeweza kuyamudu” linahitaji mzazi aliyejiandaa, mwenye vyeti vya vipimo na mkalimani, kwani bila ya hivyo laweza kugeuka kuwa “mpaka atengemae” kwa lugha nyingine. Nasi wageni tuna pia masharti ya ukaazi na ada. Ndiyo maana hatuwezi kuiachia chekechea ya nje kazi yote. Tuanze na mahali palipo mikononi mwetu, yaani masomo ya watoto tunayoyaendesha wenyewe.

YANAYOWEZEKANA SASA

Kwanza, mahali. Nyumba za Sanyuanli zimebanana hata jirani na jirani waweza kupeana mikono dirishani, na nyingi hazina lifti. Darasa lililo ghorofa ya sita limekwisha kumkataa mtoto asiyetembea kabla mwalimu hajafungua kinywa. Chumba cha chini, hata kikiwa kidogo, ni bora.

Pili, mpango wa kuketi. Mwenye ualbino au uoni hafifu akae mbele, dirisha likiwa nyuma yake, na aandikiwe herufi kubwa nyeusi. Asiyesikia vizuri auone uso wa mwalimu, na mwalimu asizungumze akiwa ameuelekea ubao. Mwenye usonji afuate ratiba isiyobadilika, iliyochorwa kwa picha, na awe na pembe tulivu ya kupumzikia kelele zinapomzidi.

Tatu, mtu wa pili darasani. Akina mama wakipeana zamu, mwalimu hatalemewa.

Nne, ulimi. Majina kama taahira na zeruzeru yasitamkwe mbele ya watoto, wala nyuma yao.

Tano, vipimo. Familia inayokwenda likizo Kenya inaweza kuulizia vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanza mwaka 1984. Madaktari na wataalamu wa viungo wana kazi yao, na darasa haliichukui nafasi yao. Lakini siku ya mtoto ina saa nyingi kuliko zile anazokaa kwa daktari.

Kila Muislamu anaijua Surat Abasa na sababu ya kuteremka kwake. Abdullah bin Ummi Maktum, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa kipofu, naye alikuja kutafuta elimu wakati Mtume, rehema na amani zimshukie, akizungumza na wakubwa wa Kikureshi. Aya zikateremka kuhusu yule aliyekuja akitaka kujifunza. Kipofu huyo baadaye akawa muadhini pamoja na Bilal, na Mtume akamwachia Madina aisimamie alipokuwa safarini. Hakuambiwa angoje mpaka aone.

Jamii yetu hapa imepungua tangu mwaka 2020, na watoto waliobaki ni wachache. Uchache huu uwe nafasi kwetu, kwani tunawajua wote kwa majina. Tunawaomba walimu wa masomo ya mwisho wa wiki wauanze muhula ujao kwa kuwaandikisha watoto wa kila nyumba, na wazazi wasimwache hata mmoja nje ya orodha. Mwenye mtoto ambaye bado hajaonekana na awaone walimu mapema, ili chumba na msaidizi vitayarishwe kabla ya siku ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.