Vumbi la karasha na seli zinazolimeza

Dhahabu ya Buhemba, mkoani Mara, haipatikani bila kuvunja jiwe. Sehemu kubwa yake imejificha ndani ya mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe na gumu linalometameta juani. Mchimbaji huanza kulivunja ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa nyundo na tindo au kwa mashine ya kutoboa. Likifikishwa juu linapondwa tena kwa nyundo, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na akina mama walioketi chini karibu na mifuko ya mawe, na mwisho linaingia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Linapotoka limekuwa laini kama unga. Weupe wake unaganda kwenye nyusi, kwenye kanga na kwenye shingo ya mtoto aliyebebwa mgongoni.

Vumbi hilo linaloonekana silo la kuogopwa zaidi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, zikatoka kwa kukohoa au kupenga kamasi. Zinazofika chini kabisa ya mapafu ni zile zenye upana wa maikromita 4 au pungufu, wakati unywele wa binadamu una upana wa maikromita kama 70. Hakuna jicho linaloziona, na zinaendelea kuelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa.

Watu wamepumua vumbi la kwatzi hapa Buhemba tangu enzi za Waingereza. Mgodi umepita mikono mingi, ikiwamo ile ya kampuni ya Meremeta miaka ya 2000, na pembeni mwake wachimbaji wadogo wameendelea na maduara yao. Ni kiasi gani cha vumbi huingia kifuani mwa mchimbaji mdogo? Mwaka 2015 Perry Gottesfeld na wenzake walichapisha vipimo walivyochukua kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania. Chini ya ardhi, wakati wa kutoboa mwamba, walikuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ni miligramu 0.05. Hewa ya mchimbaji ilikuwa imezidi kiwango hicho mara 337. Juu ya ardhi, ambako wengi hujiona wako salama, ilizidi mara 4.

Kwa zaidi ya karne moja madaktari wamejua kwamba vumbi hili huleta silikosisi, ugonjwa unaojaza mapafu makovu mpaka mtu anashindwa kupanda kilima alichokipanda tangu utoto. Kwa nini jiwe lisilo na sumu ya kuyeyuka, lisilooza wala kuzaliana, liue tishu hai? Majibu mengi ya swali hilo yamepatikana katika miaka ishirini hivi iliyopita, na yamepatikana kwa kuichunguza seli moja moja.

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 480 kwa wastani. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno, kwa sababu oksijeni inapaswa kupenya na kuingia kwenye damu. Juu ya ukuta huo hutembea seli ziitwazo makrofaji. Kazi yao ni kusafisha: wakikuta bakteria, chavua au masizi, wanayameza na kuyafungia kwenye kifuko kidogo ndani yao, kisha wanamwaga humo vimeng'enya vya kusaga. Bakteria husagika. Kwatzi haisagiki.

Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti, moja la Jürg Tschopp huko Lausanne, Uswisi, na jingine la Eicke Latz, wakati huo akiwa Massachusetts, Marekani, yalionyesha kinachofuata. Kipande cha silika hupasua kifuko kilichokifungia. Vimeng'enya vinavuja ndani ya seli yenyewe. Mvujo huo unaamsha mtambo wa protini uitwao inflamasomu ya NLRP3, nao unaachilia intalukini-1 beta, kemikali inayotangaza hatari na kuita seli nyingine za kinga zije. Mwaka 2015 maabara za Beijing na California zikaitambua protini inayomalizia kazi, gasdemini D, ambayo hutoboa utando wa seli kutoka ndani mpaka seli inapasuka.

Makrofaji amekufa, lakini kipande cha jiwe kimebaki vilevile. Kinaanguka tena kwenye kifuko cha hewa, makrofaji mwingine aliyeitwa na ile kemikali anafika na kukimeza, naye anapasuka. Hakuna wa tatu wala wa mia anayeweza kukimaliza. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha kazi ya machimbo, akahamia Musoma mjini kuuza samaki au akarudi kijijini kulima mihogo, na bado miaka mingi baadaye kifua chake kikaendelea kuharibika. Mgodi ameuacha, lakini vumbi lake analo mwenyewe.

Kuna ugunduzi mwingine ambao, kwa maoni yangu, ulistahili kubandikwa kwenye kila karasha la Kanda ya Ziwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Turin, Italia, wakiwamo Bice Fubini, Francesco Turci na Cristina Pavan, walijiuliza kwa nini vumbi la kwatzi kutoka sehemu moja linaua seli zaidi kuliko la sehemu nyingine. Wakatengeneza maabarani fuwele za kwatzi zilizokua taratibu, nyuso zake zikiwa nzima. Fuwele hizo hazikuharibu utando wa seli. Walipozisaga, zikaanza kuuharibu. Kemikali ilikuwa ileile, kilichobadilika ni uso uliovunjika.

Mwaka 2020, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walieleza sababu. Juu ya uso wa kwatzi kuna vikundi vya atomi viitwavyo silanoli. Kwenye fuwele nzima vimejipanga na kushikana vyenyewe kwa vyenyewe. Jiwe likivunjwa mpangilio unavurugika, na baadhi ya silanoli zinabaki katika umbali usioziruhusu kushikana vizuri. Hizo ndizo zinazoushika utando wa seli na kuuchana. Na miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1988, Val Vallyathan na wenzake wa West Virginia walikuwa wameonyesha kwamba silika iliyosagwa muda huohuo ina madhara makubwa kuliko iliyokaa, kwa sababu uso mpya una kemikali kali ambazo hufifia kadiri muda unavyopita.

Sasa mtazame mama anayekinga unga chini ya karasha. Vumbi analovuta limevunjwa sekunde chache zilizopita. Hakuna vumbi la kwatzi jipya kuliko hilo. Vumbi la barabarani ambalo sote tunalilalamikia wakati wa kiangazi linaudhi kweli, ila haliwezi kuwekwa kundi moja na hili.

Makovu yenyewe hutengenezwa na seli za aina nyingine, faibroblasti, ambazo katika mapafu yenye afya hutoa kolajeni kidogo ya kushikilia tishu. Zikipokea ishara za uharibifu zisizokoma, zinamwaga kolajeni nyingi, na ukuta uliokuwa mwembamba unakuwa mnene na mgumu. Hapa teknolojia ya kusoma jeni zinazofanya kazi ndani ya kila seli peke yake imefungua macho sana. Mwaka 2023 ulichapishwa mkusanyo mkubwa wa ramani ya seli za mapafu ya binadamu, wenye seli zaidi ya milioni 2.4 kutoka kwa watu 486. Ramani za aina hii zimeonyesha kwamba makrofaji si wa aina moja. Wapo wakazi wa tangu utotoni, na wapo wageni wanaotoka kwenye damu baada ya madhara kutokea, na katika uchunguzi wa wanyama hao wageni ndio wanaochochea makovu zaidi. Imeonekana pia kuwa faibroblasti zinazomwaga kolajeni nyingi ni kundi mahususi, si zote. Hayo ni matumaini ya kweli kwa anayetafuta dawa, kwa sababu kundi mahususi linaweza kulengwa. Lakini wengi wa waliotoa sampuli za ramani ile wana asili ya Ulaya, na mapafu ya mchimbaji wa Mara, aliyepumua kwatzi, moshi wa kuni na pengine mvuke wa zebaki, yanahitaji kuingizwa humo. Hospitali ya Bugando, chuo kikuu cha afya cha MUHAS na taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, wana wataalamu wa kulianzisha hilo wakipewa fedha.

Kwa sasa hakuna dawa inayofuta makovu ya silikosisi. Nintedanibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa aina nyingine ya makovu ya mapafu na mwaka 2020 kwa makovu yanayoendelea kuenea, hupunguza kasi tu, na bei yake iko mbali sana na mfuko wa mchimbaji.

Tatizo kubwa zaidi kwetu ni kifua kikuu. Bakteria wa kifua kikuu anaishi ndani ya makrofaji hawahawa. Kwa mtu mwenye afya, makrofaji humfungia na kumzuia kwa miaka, mara nyingi maisha yote. Makrofaji walioharibiwa na silika hawaiwezi tena kazi hiyo. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2021 zilionyesha kuwa mwenye silikosisi ana hatari ya kupata kifua kikuu iliyo mara 4 hivi ya asiyekuwa nayo. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikiyachunguza magonjwa haya mawili kwa pamoja miongoni mwa wachimbaji wa Mirerani. Nasi mkoani Mara tunauhitaji uchunguzi kama huo, kwa sababu magonjwa haya yanafanana: kikohozi kisichokoma, kukonda, kubanwa kifua, na picha ya eksirei yenye madoa. Mtu anaweza kutibiwa kifua kikuu, akamaliza dozi, akarudi na kikohozi kilekile, akaanzishiwa dozi nyingine, bila mtu kumuuliza amevunja mawe kwa miaka mingapi.

Kinachoweza kutumika leo ni maji. Kaskazini mwa Nigeria, ambako wachimbaji wadogo huponda mawe ya dhahabu yenye madini ya risasi pia, kunyunyizia maji kwenye mashine kulipunguza silika hewani kwa asilimia 80, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019. Vumbi lililolowa huanguka chini, haliingii kifuani. Na karibu na kila karasha kuna mwalo ambako maji yanatumika siku nzima kuoshea unga. Kuyavuta mpaka kwenye mdomo wa karasha ni suala la bomba, tundu dogo la kunyunyizia na mtu wa kulisimamia. Jambo moja la kuzingatia: yasiwe maji ya bwawa ambamo unga huchanganywa na zebaki ili kunasa dhahabu. Ukiyarusha hewani kama mvua utakuwa umewaongezea watu sumu nyingine, ambayo Tanzania iliahidi kuipunguza iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020.

Ndani ya duara ni vivyo hivyo. Kutoboa mwamba mkavu kwa mashine, katika shimo lisilo na upepo, ndiko kulikotoa zile miligramu 16.85. Mashine za kutoboa zinazopitisha maji kwenye ncha zimekuwapo kwa miongo mingi katika migodi mikubwa. Barakoa ya kitambaa, ambayo wengi hujifunga wakiamini wamejikinga, haizuii vya kutosha chembe za maikromita 4. Inazuia zile kubwa ambazo pua ingezinasa yenyewe. Siwezi kukubali kwamba mwenye karasha agawe vitambaa na kuhesabu kuwa amewalinda watu wake.

Sheria nayo ina pengo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unamlipa mwajiriwa anayeugua kwa sababu ya kazi, kwa michango ya mwajiri. Mchimbaji wa duara kwa kawaida hulipwa kwa mgawo wa mawe, hana mkataba wala hati ya mshahara. Afrika Kusini mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya randi bilioni 5 kati ya wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu na kampuni kubwa za dhahabu. Mchimbaji mdogo wa Buhemba hana kampuni ya namna hiyo ya kuishitaki. Kwa hiyo kinga yake inapaswa kuwekwa mapema, kwenye masharti ya leseni ya karasha na ya shimo, na ikaguliwe na wakala wa usalama mahali pa kazi, OSHA, pamoja na maofisa wa madini kama wanavyokagua mrabaha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kila anayefanya kazi au aliyewahi kufanya kazi kwenye vumbi la silika apimwe kifua kikuu kwa utaratibu, hata kama hajaanza kukohoa, na kwamba mwenye silikosisi apimwe kifua kikuu kilichojificha na kupewa dawa ya kukizuia. Ukienda zahanati, au Hospitali ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, mwambie mganga kabla hajauliza: nilianza kuponda mawe mwaka fulani, nilifanya kwa miaka kadhaa, nilikuwa chini au kwenye karasha, kwa maji au pakavu. Mama aliyeponda mawe miaka mitano kisha akaacha aseme pia. Maelezo hayo yaandikwe kwenye kadi, ili hata daktari wa pili, asiyeijua Buhemba, asome picha ya kifua chako akijua ni kifua cha mtu aliyepumua kwatzi.