Grafiki Isiseme Uongo



Muhula uliopita nilipewa kazi ya kuchora hesabu ya siku za kukosa masomo. Kalasi ya tatu ilikosa siku 60, kalasi ya pili siku 52. Karatasi ilikuwa fupi, basi nikaanza kupima kwa 50, si kwa 0. Nguzo ya kalasi ya tatu ikatoka na urefu wa 10, ile ya pili urefu wa 2 tu. Kila aliyepita pale ukutani akasema: «Kumbe hawa ni wavivu mara tano!» Wakachekwa wiki nzima, hata wawili karibu wapigane. Hesabu zilikuwa za kweli, lakini grafiki ilisema uongo. Kosa lilikuwa langu mimi kapita wenu. Ndiyo sababu ninawaandikia.

Kwanza, nguzo zianze kwa 0. Karatasi ikiwa fupi, punguza kipimo. Tuseme sentimeta 1 ni siku 10: nguzo zitakuwa sentimeta 6 na sentimeta 5.2. Hapo kila mtu ataona tofauti ni ndogo.

Pili, andika juu ya grafiki yenyewe: tumehesabu nini, wapi, mwezi gani. Herufi ziwe kubwa, zisomeke toka mbali.

Tatu, usitegemee rangi peke yake. Kuna watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na hili jarida letu linatoka kwa wino mweusi tu. Tumia mistari na nukta, na jina uliandike karibu na nguzo.

Nne, jiulize: grafiki hii inajibu swali gani? Tukumbuke Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Kivu Kaskazini, ikafika Ituri, hata teritware yetu ya Mambasa. Ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Ukichora jumla ya wagonjwa toka mwanzo, mstari hauwezi kushuka hata siku moja. Mtu ataogopa akidhani ugonjwa unaendelea tu. Ukichora wagonjwa wapya wa kila wiki, utaona nguzo zilipanda sana mwaka 2019, kisha zikawa fupi. Zote mbili ni za kweli, lakini kila moja ina swali lake.

Tutajifunza wapi? Daftari la miraba, rula na kreyo vinatosha kuanza. Mwalimu wa jeografia atatusaidia. Tena vituo vya afya huwa na grafiki za chanjo ukutani. Tuombe ruhusa, muuguzi atufahamishe. Wanaosoma Kifaransa vizuri watafute kitabu cha Jacques Bertin, Sémiologie graphique, cha mwaka 1967. Kinaeleza namna ukubwa, umbo, weusi na rangi vinavyosema na macho.

Ukimaliza, mpe mtoto wa kalasi ya kwanza aisome bila kumwelezea. Akikosea, usimcheke yeye. Sahihisha grafiki yako.

Yangu nimeichora upya, iko mahali palepale. Ninyi wa kalasi ya tatu, mnisamehe.

Kapita wa wanafunzi