KIKOMBE CHA KWANZA NI CHA MTOTO

Mkulima wa skimu mwenye ng'ombe wa maziwa hamlishi mabua ya mahindi peke yake. Anajua kwamba ng'ombe atajaza tumbo, lakini atakonda na maziwa yatapungua. Kwa hiyo hununua chakula cha gunia akakitia kihorini. Lakini mara nyingi nyumbani kwake mtoto wa miaka miwili hupewa uji mtupu asubuhi na ugali mchana, na maziwa yote yamekwisha kwenda na lori la kiwanda.

Mtoto huyo hushiba, lakini hakui vizuri. Mahindi ni chakula cha kutia nguvu. Kinachojenga misuli na damu ni protini, nayo katika mahindi ni kidogo, tena imepungukiwa na sehemu moja iitwayo laisini. Maharagwe yana laisini nyingi. Ndiyo maana mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja hujenga mwili kuliko mahindi peke yake.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji gramu 13 hivi za protini kwa siku. Robo lita ya maziwa ina gramu 8, na yai moja lina gramu 6. Basi kikombe kimoja na yai moja vinamtosha. Hakuna haja ya kununua unga wa protini wa mkebe.

Ikiwa yai halipo, mpe maharagwe yaliyopikwa na kupondwa, au tia katika uji omena zilizosagwa. Ongeza na mafuta kidogo ya kupikia. Mwili ukikosa chakula cha nguvu huichoma protini kama kuni, na kazi ya kujenga husimama.

Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Baada ya hapo aanze chakula, huku akiendelea kunyonya hata afikishe miaka 2 au zaidi. Apelekwe kliniki apimwe uzito. Uzito usipopanda, mwulize mwuguzi upesi.

Jihadharini na jambo moja. Mtoto mwenye miguu na mashavu yaliyovimba, nywele hafifu, na asiyetaka kucheza wala kula, si mnene. Huenda ana unyafuzi, ugonjwa ambao Daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 huko Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Msijaribu kumponya nyumbani kwa maziwa na mayai mengi, kwani mwili wake hauyawezi bado. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Huko huanza kumlisha maziwa maalum, kidogo kidogo.

Kesho asubuhi, kabla ya kupima maziwa ya kiwanda, toa kikombe kimoja, ukichemshe, umpe mtoto. Fedha za kikombe hicho hazikupotea.