Kusi Likiwa Mgongoni: Saadani kwa Gari na Baiskeli

Mwendesha baiskeli anayetoka kijiji cha pwani cha Mkwaja kwenda kile cha Kipumbwi, upande wa kaskazini, mwezi wa Julai husukumwa. Anayetoka Kipumbwi kwenda Mkwaja siku hiyohiyo hufika mapaja yakiwaka moto na mchanga umemjaa machoni. Njia ni moja na baiskeli ni zilezile. Kinachowatofautisha ni upepo wa kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba kwenye ufuko unaoelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Wavuvi wa hapo hawahitaji kuelezwa hilo. Familia inayoteremka kutoka Kang'ata, huko bara la Handeni, baiskeli zikiwa zimefungwa juu ya gari kwa mipira ya tyubu, huenda ikahitaji.

Marekani familia nyingi husafiri na gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, zikaliegesha kwenye hifadhi ya pwani na kuteremsha baiskeli. Magari ya namna hiyo ni nadra Handeni, lakini Noah au Coaster iliyopakia hema, magodoro, mtungi wa gesi wa kilo sita na madumu ya maji hufanya kazi ileile, tena ikiharibika fundi wake hatafutwi mbali. Muhimu ni mgawanyo wa kazi: gari ni nyumba, baiskeli ni miguu. Safari nyingi huharibika pale watu wanapovichanganya viwili hivyo.

Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopandishwa hadhi mwaka 2005 kutoka pori la akiba, ina takriban kilomita za mraba 1,100 na upande wake wa mashariki ni Bahari ya Hindi. Kutoka Kang'ata gari hupita Chanika, mjini Handeni, kisha hufuata lami ya kilomita 54 hadi Mkata kwenye barabara kuu. Hapo dereva anachagua: njia za vumbi zinazoelekea Kwamsisi na pwani, au ateremke na lami hadi Mandera, kisha akate mashariki takriban kilomita 60 mpaka Saadani. Wakati wa masika chaguo hilo karibu halipo, maana udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunasa hata gari lenye gia ya kuvutia magurudumu yote manne.

Kwa Wazigua safari hii si ngeni. Karne ya 19 misafara iliteremka kutoka bara la Uzigua na pembe za ndovu hadi bandari ya Saadani, iliyotawaliwa na Bwana Heri, mtu mwenye asili ya Kizigua. Wajerumani walipotaka kuitwaa pwani mwaka 1888, yeye na Abushiri wa Pangani waliwapinga kwa silaha. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri alishika msitu hadi mwaka uliofuata ndipo akakubali sulhu. Kijiji cha Saadani cha leo ni kidogo, chenye wavuvi wa kamba na mashamba ya chumvi, na mgeni asiyeambiwa habari hizo hupita tu.

Sasa, porini. Ndani ya hifadhi kuna tembo, simba, nyati, twiga na kongoni, na Mto Wami una viboko na mamba. Kanuni za hifadhi za taifa zinataka mgeni abaki ndani ya gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, na matembezi ya miguu hufanywa na askari mwenye silaha. Kwa hiyo baiskeli haziteremshwi popote ndani ya mipaka kabla ya kuuliza getini, na jibu likiwa hapana, hakuna haja ya kubishana na askari anayezijua nyayo za simba wa jana usiku.

Kuna sababu nyingine, ndogo kuliko punje ya maharage, nayo ni mbung'o. Mdudu huyu huvutiwa na kitu kinachotembea na rangi za buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mtoto aliyevaa fulana ya buluu akipita vichakani kwa baiskeli anatimiza masharti yote mawili. Wafugaji wa Handeni wanamjua mbung'o kwa hasara, kwa sababu ndiye anayeeneza nagana kwa ng'ombe wao. Kaskazini mwa hifadhi ilikuwepo ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa miaka ya 1950 kwenye hekta 48,000. Ng'ombe walichomwa dawa mwaka hadi mwaka, vichaka vikazidi kurudi kwenye malisho, gharama zikashinda mapato, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi ile ikaingizwa hifadhini. Mtalii anayelalamikia kuumwa na mbung'o analalamikia mdudu aliyechangia kuifanya ardhi hiyo iwe ya wanyamapori.

Ufukweni mbung'o hupungua, kwa kuwa hupenda kivuli cha vichaka, na ndipo baiskeli inapopata nafasi yake, hasa nje ya mpaka, kwenye vijiji vya pwani ambako wenyeji huendesha kila siku. Lakini mchanga nao una saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, na kwa pwani hii maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ndiyo saa ya kuendesha: mchanga uliotoka kufunikwa na maji ni mgumu, na gurudumu haliachi hata mfereji. Ikifika saa tisa alasiri njia hiyo imemezwa, na aliyebaki ufukweni anasukuma baiskeli kwenye mchanga mkavu. Penye mdomo wa mto na mikoko hakuna cha kukisia. Aulizwe mvuvi kabla ya kuvuka.

Kuendesha chini ya ule mstari wa mwani na vijiti ulioachwa na maji kuna faida nyingine. Juu yake ndipo kasa wanapofukia mayai, hasa kwenye ufuko wa Madete, yapata mia na ushei kwa kiota, na vifaranga hutoka baada ya takriban miezi miwili. Kwa kifaranga cha kasa, mfereji wa tairi ni ukuta; kinaweza kuufuata badala ya kufika baharini, kikaishia kwa kaa. Usiku taa za gari zisielekezwe ufukweni, kwani vifaranga hufuata mwanga.

Kuhusu baiskeli yenyewe, Phoenix ya namba 28 iliyozoeleka Handeni ni imara, ila tairi lake jembamba huzama. Tairi pana la namba 26, lililopunguzwa upepo kidogo, hupita vizuri zaidi. Dumu la lita 20 lisiwekwe kwenye kerio, maana uzito wote huangukia gurudumu la nyuma. Maji mengi yabaki garini. Jioni cheni, springi na spoki zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikauke, zipakwe oili. Anayeahirisha kazi hiyo hadi arudi Kang'ata atakuta cheni imekakamaa.

Inabaki hesabu ya dereva. Kusi likivuma, baiskeli zishushwe Mkwaja na gari litangulie Kipumbwi kupika. Kaskazi likiingia, mnamo Desemba hadi Februari, mpango ugeuzwe. Hesabu hiyo itabadilika kwa namna nyingine pia, kwa kuwa barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la Mto Pangani, imekuwa ikijengwa. Gari litafika upesi. Mwendesha baiskeli naye atakuwa na malori ubavuni, na wakandarasi wakiacha mabega ya barabara kuwa membamba, watu wa Mkwaja na Kipumbwi, wanaobeba samaki kwa kerio kila asubuhi, ndio watakaoumia kwanza.