Pango la Kwanza: Kuwatungia Wanagenzi Mchezo wa Uigizaji Mezani

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kutunga pango litakalochezwa na wanagenzi katika mchezo wa uigizaji mezani, yaani mchezo ambamo fanani hueleza hali, wachezaji wakatamka watakalofanya, na dadu zikaamua palipo na shaka. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, huko Marekani mwaka 1974. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi hauwi mgeni sana: ni utambaji ambamo hadhira ndiyo inayoamua mhusika afanye nini.

Mimi nilianza kwa kosa. Nilipowachezesha vijana watatu katika chumba cha kupanga Kawangware, nilificha mtego nyuma ya mlango wa kwanza. Wahusika wote wakafa kabla chai haijapoa. Kifo chenyewe si kosa, kwani katika michezo ya mtindo huu wa kale ni jambo la kawaida. Kosa ni kwamba hawakuonywa. Mtego wa wanagenzi sharti uonekane nusu: mifupa kizingitini, harufu ya moshi, sakafu inayolia kama ngoma. Mchezaji aone, aulize, kisha aamue mwenyewe kuingia. Kitendawili nacho hutegwa vivyo hivyo. Dokezo limo ndani yake, na anayeshindwa hutoa mji tu, hanyang'anywi pumzi.

Ramani yangu ya pili niliichora kwa mfano wa Kibera. Mgeni atokaye Makina kwenda Laini Saba ana vichochoro tele vya kuchagua, lakini hapotei kabisa, maana reli iendayo Kisumu inapita humo. Akiifikia, ameshajua alipo. Pango nalo liwe na alama kama hiyo, mathalani mto au ukumbi mkubwa, na kila mahali muhimu pafikiwe kwa njia zaidi ya moja. Jennell Jaquays alilionyesha hili vyema katika Caverns of Thracia mwaka 1979. Vyumba 8 au 10 vinatosha.

Lililo gumu zaidi ni lugha. Vijana hawa husema Sheng bila kigugumizi, ilhali Kiswahili sanifu huwakumbusha karatasi ya mtihani. Mmoja aliposema chumbani mna "wasee", nilimsahihisha aseme "watu". Hakufungua kinywa tena hadi mwisho wa kikao. Tangu hapo simsahihishi mchezaji yeyote. Badala yake nimemweka langoni mzee mlinzi asiyejua Sheng hata neno moja, na atakaye kupita hana budi kuzungumza naye akaelewana naye. Wao hushauriana wapendavyo, kisha humtuma msemaji. Kikao kilichopita walikaa langoni dakika 40 wakibishana kama wamtajie mzee neno "ngawira", au litamkasirisha.